Umeinua Pikapu, Umepima Pembe Zake?

Leo tunaingia chini ya pikapu. Kuna swali ambalo madereva na wenye magari huniuliza mara kwa mara, tena karibu kwa maneno yaleyale: "Nimeinua gari, nimefunga matairi mapya, nimelipeleka alaimenti, mbona matairi yanaliwa upande?" Wengine huongeza kwamba gari linatangatanga barabarani, au kwamba wakikata kona usukani haurudi wenyewe, mpaka waurudishe kwa mikono. Wakienda gereji, kila fundi ana lake. Huyu anasema shokapu zimekufa, yule anasema boljointi, wa tatu anasema matairi uliyonunua ni feki.

Jibu langu ni hili, nami nitalitetea mpaka mwisho wa kipindi. Pikapu iliyobadilishwa kimo inatakiwa ipimwe pembe zote tatu za magurudumu yake ya mbele, ikiwa imebeba uzito inaoubeba kila siku. Sehemu nyingi tunazopeleka magari alaimenti zinapima pembe moja tu, tena gari likiwa tupu.

Tuanze na kuinua kwenyewe. Watu hawainui magari kwa urembo peke yake. Mkulima anataka apite kwenye mifereji ya masika bila kugonga difu. Anayepeleka watalii porini anataka tairi kubwa zaidi lisisugue madigadi. Mfanyabiashara wa mazao anataka gari lisilale nyuma likipakiwa. Haja hizo ni za haki kabisa, nami sina ugomvi nazo. Ila njia za kuinua ni nyingi, na kila njia ina deni lake.

Njia ya bei nafuu kuliko zote iko kwenye pikapu zenye toshenibaa mbele. Hilux nyingi za miaka ya 1990 ziko hivyo, na Isuzu D-Max za toleo la kwanza pia. Toshenibaa ni fimbo ndefu ya chuma inayojisokota, nayo inafanya kazi ya springi. Mwishoni mwa fimbo hiyo pana bolti. Fundi akiikaza kwa spana, pua ya gari inapanda. Hakuna spea ya kununua, kazi inakwisha kabla chai haijapoa, na mwenye gari anaondoka akiamini springi zake sasa ni ngumu zaidi. Ukweli ni kwamba ugumu wa fimbo haujaongezeka. Kilichobadilika ni mahali zinapokaa amu, yaani mikono ya chuma inayoshika gurudumu, na sasa amu ya mbele ina nafasi ndogo ya kushuka kabla haijagonga raba yake. Ndiyo maana gari lililokazwa hivyo linadunda kwa ukali likipita kwenye shimo.

Hilux zilizokuja baadaye, ile ya mwaka 2004 iliyopata jina la Vigo na ile ya 2015 inayojulikana kama Revo, zina koili springi mbele, zimekaa pamoja na shokapu. Hizo watu huziinua kwa koili ndefu zaidi, au kwa speisa, yaani kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachofungwa juu ya shokapu. Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Shokapu haishiki kwenye gurudumu lenyewe. Inashika kwenye amu ya chini, katikati ya chasisi na gurudumu. Kwa hiyo speisa ya milimita 25 haiinui gari milimita 25. Inaliinua karibu mara mbili ya hapo. Mtu ananunua kipande chembamba akidhani ni kitu kidogo, kumbe amepandisha pua ya gari kwa inchi mbili.

Sasa, kinachotokea ni nini? Kila upande wa mbele una amu mbili, ya juu na ya chini. Ndani zimefungwa kwenye chasisi kwa bushi, nje zimeshika kichwa cha gurudumu kwa boljointi. Amu ikizunguka kwenye bushi yake, ncha yake ya nje haishuki wima. Inachora tao, na katika tao hilo inasogea pia kwa pembeni. Amu ya juu ni fupi kuliko ya chini, kwa hiyo tao lake si lile la mwenzake. Ukiinua chasisi sentimita tano, ncha mbili zilizokuwa zimepangwa na mhandisi wa kiwandani zinahama, kila moja kwa kiasi chake, na gurudumu linahama nazo. Tairodi, ambayo ndiyo inayosukuma gurudumu lifuate usukani, nayo imebadili mlalo wake. Hakuna hata kimoja kilichobaki pale kilipokuwa, na hakuna bolti iliyolegea wala kifaa kilichovunjika. Gari ni zima, ila limekaa vibaya.

Pembe ya kwanza ni ile ambayo kila mtu anaijua: je, matairi mawili ya mbele yanaangalia mbele sawasawa, au pua zake zimeelekeana ndani, au zimeachana nje? Mafundi wanaita toini na toauti. Pembe hii ndiyo mla matairi mkuu. Chukua tairi ambalo limepinda nusu digrii tu kutoka kwenye mwelekeo wa safari. Kwa macho hulioni. Kwenye tairi la saizi ya 265/65R17, ambalo liko kwenye Hilux nyingi, tofauti kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma haifiki hata milimita 7. Lakini hesabu ya jometri inasema kwamba kila kilomita moja tairi hilo linaburutwa upande karibu mita 9. Toka Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita kama 190, limeburutwa kwa upande zaidi ya kilomita moja na nusu juu ya lami ya moto. Mpira gani utavumilia hilo msimu mzima?

Na unaweza kuligundua kwa kiganja chako, bila mashine. Simamisha gari, subiri tairi lipoe, kisha pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Kama upande mmoja kunateleza na upande wa kurudi kunakwaruza, kila jino limenolewa ukingo mmoja. Hiyo ni toini au toauti iliyokosewa, na ukiijua mapema unaliokoa tairi kabla halijaonyesha waya.

Pembe ya pili ni kemba: tairi limesimama wima, au kichwa chake kimeegemea ndani au nje? Ukiinua gari, mara nyingi kichwa cha tairi huegemea nje, ingawa kuna magari ambayo kutokana na urefu wa amu zake huegemea ndani. Kemba ikizidi, bega moja la tairi linalainika kama limepigwa msasa wakati bega jingine bado lina maua yake yote. Hapa usichanganye na upepo: tairi lenye upepo mdogo linaliwa mabega yote mawili, lenye upepo mwingi linaliwa katikati. Na likiwa na mabonde mabonde ya duara kuzunguka tairi, hapo tazama shokapu na balansi kwanza.

Pembe ya tatu ni kasta. Naomba tukae hapa zaidi, kwa sababu hii ndiyo inayopotea gari linapoinuliwa na ndiyo isiyopimwa. Tazama baiskeli kwa ubavu. Uma wa mbele haukusimama wima. Sehemu ya juu imelala kuelekea nyuma, kwa mpanda baiskeli. Mlalo huo unamsaidia mtoto wa mjini kuachia mikono na baiskeli ikaenda yenyewe. Kwenye gari ni vilevile. Ukichora mstari kutoka boljointi ya juu kwenda boljointi ya chini, sehemu ya juu ya mstari huo imelala kidogo kuelekea nyuma. Pikapu nyingi hutoka kiwandani na kasta ya digrii 2 hadi 4 hivi. Kwa sababu ya mlalo huo, gurudumu linajivuta lenyewe kurudi katikati, na usukani unakuwa na uzito ule mzuri unaokwambia gari limeshika njia.

Kasta ikipungua, tairi linaweza lisiliwe hata kidogo. Ndiyo maana watu hawaishtukii. Kinachoharibika ni tabia ya gari. Linakuwa jepesi mbele na linahitaji kurekebishwa kila mara. Basi kubwa likikupita kwa kasi, upepo wake unakusukuma na gari halirudi lenyewe kwenye njia. Ukitoka mzunguko, usukani unabaki ulipo. Dereva anachoka asijue kwa nini. Kwenye barabara kuu, usiku, na abiria wamelala kiti cha nyuma, uchovu huo ni hatari ya kweli, nami naiona kubwa kuliko hasara yote ya matairi.

Sasa nigeukie nyuma ya gari, kwa sababu huko ndiko wengi wanakoharibu mbele bila kujua. Wafanyabiashara wetu wana desturi ya kuongeza springi nyuma: jani moja, mawili, mengine yametolewa kwenye gari kubwa zaidi. Gari likiwa tupu linainuka mkia kama linataka kuchimba. Piga hesabu. Hilux ya milango minne, Vigo au Revo, ina milimita 3,085 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ukipandisha nyuma kwa milimita 50 bila kugusa mbele, gari zima limeinama kuelekea mbele kwa karibu digrii moja, na digrii hiyo inatoka moja kwa moja kwenye kasta. Ulikuwa na tatu, umebaki na mbili. Ukiwa na mbili, umebaki na moja. Hujagusa bolti hata moja ya mbele, na gari limeshaanza kutangatanga.

Likipakiwa, mambo yanageuka. Nyuma inashuka, pua inapanda, kasta inaongezeka, na pua ikipanda toini nayo inahama. Kwa hiyo gari hilohilo lina alaimenti mbili: ya kwenda sokoni na ya kurudi. Ipi uirekebishe? Ile ambayo gari linaishi nayo muda mwingi.

Niliona kazi hii ikifanywa kwa heshima inayostahili, Morogoro, kwenye gereji moja yenye mashine ya kupimia alaimenti kwa kamera. Mzee mmoja anayebeba mahindi kutoka Kibaigwa alileta Hilux yake, imewekwa speisa mbele na majani mawili nyuma. Fundi alikuwa binti wa umri wa mtoto wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari linanisumbua, halitulii."

"Mzigo wako huwa gunia ngapi?"

"Kwenda sina kitu. Kurudi nane, tisa."

"Na kwa wiki unatembea tupu zaidi au na mzigo?"

Mzee akafikiri. Akasema siku hizi anakodiwa pia kubeba saruji na vifaa vya ujenzi, kwa hiyo karibu kila siku gari lina kitu, nusu tani hivi. Binti akamwomba arudi kesho yake na nusu tani hiyo nyuma, na tangi la mafuta lisiwe tupu. Mzee alitaka kukasirika, kwa kuwa alikuwa ameshapanga foleni. Lakini alirudi.

Kesho yake fundi hakuanza na mashine. Alianza na upepo wa matairi. Halafu akapiga jeki, akashika tairi juu na chini akalitikisa, kisha kushoto na kulia, akisikiliza beringi na boljointi na ncha za tairodi. Upande mmoja ncha ya tairodi ilikuwa na mchezo, akaibadilisha kwanza, kwa sababu kupima pembe kwenye kitu kinachocheza ni kupoteza muda. Akashusha gari, akalisukuma chini kwa mikono mara kadhaa ili likae mahali pake. Kisha akachukua futi, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, akaandika kwa chaki kwenye sakafu. Vipimo hivyo vinne vinaeleza mengi. Kama kulia na kushoto vinapishana sana, kuna springi iliyochoka au speisa zisizolingana, na alaimenti itakuwa ya kubabaisha mpaka hilo litengenezwe.

Baada ya hapo ndipo alipopandisha gari juu ya sahani za kuzungukia. Akafunga vibao kwenye rimu, akalisogeza gari nyuma na mbele kidogo ili mashine ijue kama rimu imepinda, kisha akauzungusha usukani kushoto, akangoja, akauzungusha kulia, akangoja. Msikilizaji, shika jambo hili moja kutoka kipindi cha leo hata ukisahau mengine: kasta haipimiki bila kuyakata matairi kushoto na kulia. Mashine inaihesabu kutokana na jinsi kemba inavyobadilika matairi yanapokatwa. Ukiwa umekaa kwenye benchi na hukuona usukani ukizungushwa pande zote mbili, basi kasta ya gari lako haikupimwa, hata kama risiti imeandikwa alaimenti kamili.

Kioo cha mashine kilionyesha kasta ya kushoto digrii moja na kidogo, ya kulia chini ya moja. Pale pale ugonjwa wa mzee ulikuwa umeandikwa.

Kwenye Hilux hizi, amu ya chini imefungwa kwenye chasisi kwa bolti mbili za kamu, yaani zenye sahani ambayo tundu lake haliko katikati, na zenye alama ndogo za mistari. Ukizizungusha zote mbili kwa namna ya kusogeza amu yote ndani au nje, unarekebisha kemba. Ukizisogeza kinyume, ya mbele ndani na ya nyuma nje, unaisukuma ncha ya chini ya gurudumu mbele, nayo kasta inaongezeka. Ni kazi ya subira, maana kila ukivuta kimoja kingine kinasogea. Na kwenye magari yetu yaliyopita matope na maji ya chumvi, bolti hizo mara nyingi zimeganda ndani ya bushi kwa kutu. Fundi asiye na subira anaziacha, anarekebisha toini peke yake na kusema tayari. Binti yule alimwagia mafuta ya kutu, akaacha ziloweke, akazigonga taratibu, moja ikakubali kwa shida. Alirudisha kasta hadi digrii mbili na nusu hivi upande wa kushoto na mbili na robo upande wa kulia, akanionyesha kwamba kamu zimefika mwisho. "Zaidi ya hapa," alisema, "ni kubadilisha amu ya juu."

Alikuwa sahihi. Kamu za kiwandani zimetengenezwa kwa ajili ya kimo cha kiwandani na uchakavu wa kawaida. Ukiinua inchi mbili, kwa kawaida umetumia nafasi yote iliyopo. Zipo amu za juu zinazotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyoinuliwa, ambazo boljointi yake imesogezwa nyuma ili kurudisha kasta, na pembe ya boljointi nayo inakuwa nzuri zaidi. Zinagharimu fedha. Lakini anayetaka kuinua gari kwa zaidi ya sentimita tano aziweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na springi, na si baada ya kumaliza matairi mawili.

Ile tofauti ndogo ya kasta aliyoiacha binti kati ya kushoto na kulia, mliisikia? Haikuwa kosa. Barabara zetu zina mgongo katikati ili maji yatiririke, nasi Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari linakaa muda wote kwenye mteremko wa kuelekea kushoto. Gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo. Fundi hodari anaweza kuacha upande wa kulia au wa kushoto uwe na tofauti ndogo kulingana na mahali gari linapotembea, na akamwambia mteja kwa nini. Kwa mzee wetu, gari likiwa barabara ya tambarare halikuvuta, naye akaridhika. Gari linalovuka kwenda Rwanda, Burundi au Kongo, ambako wanaendesha kulia, linakuta mgongo wa barabara kinyume, na dereva asishangae likivuta tofauti.

Toini ilikuja mwisho kabisa. Ni lazima ije mwisho, kwa sababu ukigusa kemba au kasta, toini inahama. Fundi aliufunga usukani ukiwa umenyooka, akalegeza nati za tairodi, akarekebisha kila upande peke yake. Anayerekebisha tairodi moja tu huku akiiacha nyingine anapata toini sahihi na usukani uliokaa upande. Kwenye magari mapya yenye mfumo wa kuzuia kuteleza, usukani uliokaa upande ni tatizo zaidi ya sura, maana kuna kihisi kinachosoma pembe ya usukani, na kinaweza kuuambia mfumo kwamba dereva anakata kona wakati ananyoosha. Kihisi hicho kirekebishwe sifuri yake baada ya kazi.

Na kuna la mwisho alilolifanya ambalo sijaliona kwa wengi. Alizikaza bolti za amu gari likiwa limesimama kwa miguu yake, na mzigo wake. Bushi ni mpira uliogandana na chuma. Ukiikaza gari likining'inia kwenye jeki, linaposhuka mpira unabaki umesokotwa siku zote, unapasuka mapema, na unalivuta gari nje ya kimo chake. Aliyefunga speisa na kukaza kila kitu hewani amejenga alaimenti itakayoharibika yenyewe.

Wapo mtakaosema: sisi huku hatuna mashine ya kamera, fundi wetu anatumia kamba, futi na timazi. Sina dharau na hilo. Kwa kamba iliyovutwa sawasawa kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, fundi makini anaipata toini vizuri sana, na kwa timazi au pima maji anaipata kemba. Kasta ndiyo itakayomshinda. Kwa hiyo kwa gari lililoinuliwa, safari moja ya mjini kwenye mashine ni lazima. Matengenezo ya toini ya baadaye yanaweza kufanyika kwa kamba. Ila mwambie fundi wako azingatie jambo moja: ukibadilisha tairi kuwa kubwa zaidi, milimita za zamani hazifai tena, kwa sababu pembe ileile kwenye kipenyo kikubwa inatoa tofauti kubwa zaidi ya milimita. Vipimo vya digrii havibadiliki.

Kwa wenye Land Cruiser pikapu, zile za namba 79, habari ni nyingine kidogo. Mbele kuna ekseli nzima, na kemba imeumbwa ndani ya ekseli. Haina bolti ya kuirekebishia. Mashine ikionyesha kemba mbaya, ekseli imepinda au beringi zimekwisha. Kasta inaondoka pale unapoinua, kwa sababu ekseli imeshikwa na mikono mirefu inayotoka nyuma, na chasisi ikipanda ekseli inajizungusha. Kwa inchi mbili unapoteza kiasi cha digrii mbili. Dawa yake ni bushi maalumu zenye tundu lililosogezwa pembeni, au kushusha mahali mikono hiyo inapofungwa. Tena kuna fimbo inayolala kutoka chasisi kwenda ekseli kuizuia isiende upande. Urefu wake haubadiliki, kwa hiyo ukiinua gari inavuta ekseli nzima upande mmoja. Ukisimama mbele ya gari utaona tairi moja limetokeza zaidi ya jingine. Fimbo inayorekebishika inamaliza hilo. Na kwa pikapu za zamani zenye springi za majani mbele, mafundi huweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli kurudisha mlalo, nazo hufanya kazi vizuri zikifungwa na bolti ndefu za kutosha.

Kuna mipaka ambayo alaimenti haiwezi kuivuka. Pikapu ya nguvu za mbele na nyuma yenye amu, ukiipandisha sana, shafti za mbele zinafanya kazi kwenye pembe kali, raba zake zinapasuka na grisi inatapakaa kwenye rimu. Mipira ya breki inavutika. Boljointi inakaa mwishoni mwa uwezo wake. Kwa gari la kazi, inchi mbili zinatosha, na mimi sioni sababu ya mfanyabiashara kwenda zaidi ya hapo. Ijulishe pia bima yako kwamba gari limebadilishwa, kwa sababu jambo kama hilo likifichwa linaweza kukugharimu siku ya ajali.

Basi, ndugu msikilizaji, wewe unayepanga kuinua pikapu mwezi huu: uliza bei ya springi na ya alaimenti kwa pamoja, usizitenganishe. Springi mpya hukaa baada ya kutembea, kwa hiyo rudi gari lipimwe tena kati ya kilomita 500 na 1,000. Nenda na mzigo wako wa kawaida. Simama uangalie usukani ukizungushwa kushoto na kulia. Na nyinyi mafundi, bolti ya kamu ikiwa imeganda, mwambieni mteja imeganda na bei ya kuibadilisha. Atakuheshimuni zaidi kuliko mkimrudishia gari linalotangatanga. Mashine hizi za kamera hutoa karatasi yenye vipimo vya kabla, vya kiwango na vya baada, kwa kila gurudumu. Nawe mwenye gari, idai karatasi hiyo, muisome pamoja na fundi mstari kwa mstari, kasta ikiwemo, ndipo ulipe.